Mukate ya Sukari

Nilipopata chumba cha kupanga Ruti, mwaka wangu wa kwanza chuoni, mtu wa kwanza kunicheka alikuwa mama mmoja wa Kisomali, jirani yetu kule Nakivale. "Ruti?" akauliza. "Kwa hiyo unaenda kukaa ndani ya mkate?" Kwa Kisomali mkate huitwa rooti, na masikioni mwake jina la mtaa huu wa Mbarara halikuwa na maana nyingine. Siku ile sikuona la kuchekesha. Nilikuwa nikifikiria kodi ya miezi miwili, godoro, na jiko la mkaa. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba yule mama alikuwa ametabiri bila kujua.

Kwa wasiopajua Ruti, nieleze kidogo. Ukitoka Mbarara mjini, ukavuka mto Rwizi na kushika barabara ya Ntungamo na Kabale, Ruti haiko mbali. Ni mahali pa malori. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Rwanda na Kongo huegeshwa hapa jioni, na madereva hushuka kutafuta chakula, maji ya kuoga na mahali pa kulala. Mchana Ruti huzungumza Kinyankole. Jioni Kiswahili hushuka kutoka kwenye malori pamoja na madereva, na wauza chapati hubadilisha lugha kama mtu anavyobadilisha shati. Barabara hiyohiyo, ukiifuata mpaka Kabale kisha ukakata kwenda Kisoro, inakufikisha Bunagana, mpakani. Ndiyo tuliyopitia mama, dada na mimi mwishoni mwa 2008 tulipokimbia vita vya Rutshuru. Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka tu kwamba lori lilikuwa refu kwenda juu na kwamba mama alinipandisha kama anayetundika nguo.

Mkate niliugundua kwa pua. Ilikuwa alfajiri ya siku ya mtihani, nimeamka saa kumi kusoma, na kupitia dirishani ikaingia harufu ya ngano, maziwa na iliki. Nilivaa kandambili nikaifuata. Nyuma ya maegesho ya malori, kwenye uchochoro unaopita kati ya duka la matairi na choo cha kulipia, kulikuwa na kibanda cha mabati. Ndani yake mlikuwa na tanuri la matofali lililosiribwa kwa udongo, meza moja ndefu, na mama mmoja wa umri wa mama yangu, kitenge kiunoni, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni.

Nimekaa sana kwenye kile kibanda tangu siku ile, kwa hiyo naweza kueleza kazi yake. Unga hukandwa jioni, kabla ya saa mbili. Mama huyu hatumii maji bali maziwa, kwa sababu Mbarara ni nchi ya ng'ombe na maziwa hapa hayamshindi mtu. Hutia hamira, sukari, chumvi kidogo, iliki iliyotwangwa, na kipande cha siagi kama siku ni nzuri. Kinyunga hufunikwa kwa blanketi kuukuu kama mtoto mwenye homa, kikaachwa kiumuke. Saa nane usiku huwasha kuni za mkaratusi ndani ya tanuri lenyewe. Zikishateketea, makaa huondolewa, sakafu ya tanuri hufutwa kwa gunia lililolowa lililofungwa kwenye mti, na mkate huokwa kwa joto lililobaki ndani ya matofali. Hana kipimo cha joto. Hutupa unga kidogo ndani. Ukigeuka mweusi papo hapo, husubiri. Ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, huingiza mikate. Hutoka ya mviringo na mingine ya kusukwa kama nywele, imepakwa maji ya sukari juu hadi inang'aa. Madereva huinunua ikiwa ya moto, wakaiweka juu ya dashibodi, na harufu yake huondoka nao kwenda Kigali au Goma.

Asubuhi ile ya kwanza aliniuliza, "Weye ni mutoto ya wapi?"

Nilimtambua mara moja. Ile "weye", ile "mutoto ya", ni sauti za nyumbani kwetu. Nami nikamjibu, "Ninatoka hapa Mbarara. Mimi ni mwanafunzi wa chuo."

Alinitazama kidogo, akafunga mikate miwili kwenye gazeti. "Unasema muzuri sana," akasema.

Hapo inabidi nirudi nyuma, maana jibu lile halikuzuka tu asubuhi ile.

Wiki ya tatu ya masomo yangu tulitakiwa kila mmoja kusimama mbele ya darasa na kueleza chakula cha kwao kwa dakika tano. Nilikuwa na furaha. Wenzangu wengi walijifunza Kiswahili darasani tu, na hapa Uganda wapo wazazi ambao bado wanakiita lugha ya wanajeshi na wezi. Mimi nilikua nikikisema nyumbani, sokoni, kwenye foleni ya maji. Nilisimama nikaanza: "Sisi kwetu asubuhi tunakulaka mukate ya sukari." Darasa likaangua kicheko. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mwalimu hakucheka. Aligeuka ubaoni akaandika: mkate wa sukari, ngeli ya M-MI. Akaeleza kwa upole kwamba kiambishi kile cha "-ka" mwishoni, cha kuonyesha mazoea, hakimo katika Kiswahili sanifu. Alikuwa sahihi, na mtihani ungeniuliza hayohayo. Lakini nilirudi kukaa nikiwa nimeamua jambo moja: Kiswahili cha kwetu sitakisema tena mbele ya mtu.

Baadaye, nikiwa peke yangu, niligundua kitu kilichonifanya nicheke mwenyewe. Ningesema "mikate ya sukari", kwa wingi, hakuna ambaye angecheka. Kosa langu lote lilikuwa kwamba nilitaja mkate mmoja.

Tangu siku hiyo nilisoma kwa bidii ya mtu mwenye deni. Nilijifunza kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kwamba kamati ya kukisimamia iliundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwemo, ilikuwa chini ya Wabelgiji. Kiswahili chetu kilifika na misafara ya biashara kutoka pwani, kikaota mizizi kati ya lugha za huko, kikakua bila mwalimu. Nilijifunza pia kwamba maneno husafiri na chakula. Neno mkate ni mfano mzuri. Waganda wanasema omugaati, Wanyarwanda umugati, Warundi umukate. Ukifika Kinshasa, mkate huitwa mampa, na ukiagiza mikate utaletewa vitu vidogo vya mviringo vilivyokaangwa kwenye mafuta, ndugu wa maandazi. Andazi lenyewe limetokana na kuandaa, na hamri ya pwani ni mtoto wa neno la Kiarabu la chachu, lilelile lililotupa hamira. Haya yote niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri.

Mama aliyaona mabadiliko kabla yangu. Hupenda kunipigia jioni, kabla ya vifurushi vyake vya simu kuisha. Kwa kuwa wenzangu wa nyumba ya kupanga huwa karibu, nilianza kumjibu kwa sanifu. "Hujambo mama? Habari za nyumbani? Nashukuru, masomo yanaendelea vizuri." Alikuwa akinyamaza kidogo kila mara, kisha anasema, "Ndiyo, tuko salama," na mazungumzo yanaisha. Mara moja alisema, "Unanisemesha sawa radio." Nilicheka. Nilifikiri ananisifu.

Sasa nieleze maandazi. Kule Nakivale, mama alilea watoto wawili kwa karai moja. Makazi haya yapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda, na kila vita iliyofuata katika eneo letu imeongeza mtaa wake. Ukitembea sokoni Base Camp unapita kwa Wahabeshi na injera, kwa Wasomali na sambusa, kwa Warundi na samaki wadogo, kwa Wakongo na vitenge. Maandazi ya mama yaliuzwa popote penye foleni. Kazi yangu ilikuwa ndoo: asubuhi kabla ya shule, na siku za mgao wa chakula, kutwa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na mwaka huohuo mgao ukapunguzwa, ndoo ile ndiyo iliyotulisha. Niliichukia. Wanafunzi wenzangu waliniita Mandazi mpaka kidato cha nne. Halafu, nilipokuwa nimeshaingia chuoni, mama aliniambia kwa simu kwamba ameacha kukaanga kwa sababu mafuta yamepanda bei. Mafuta yalikuwa yamepanda kweli, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi niliamua kwenda kumwona bila kumwambia. Nilikuwa nimelipwa kwa kumfundisha mtoto wa mwenye nyumba hesabu, na nilitaka kumpelekea mama kitu ambacho hajakikaanga yeye. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa mbele ya tanuri. Nilinunua mikate minane ya kusukwa, ya moto, nikaifunga kwenye kitenge changu kizuri. Teksi ya kwenda Isingiro ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Nilipakata kile kifurushi njia nzima, migomba inapita huku na huku, na abiria wote wananusa. Mzee mmoja akaniuliza kwa Kinyankole kama ninakwenda kuposa. Nilipofika mtaani kwetu, mgongo ulikuwa unauma na mapaja yalikuwa bado na joto la mkate.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Sikumwona kwa miezi mitano, na kilichonishtua kwanza ni blauzi yake. Ilikuwa ileile ya siku zote, lakini sasa ilining'inia. Alinikumbatia, akafungua kitenge, akafunga macho kunusa. Kisha akaita watoto wa jirani. Akampa kila mmoja mkate, na mwingine akaupeleka kwa yule mama wa Kisomali. Nilibaki nikimtazama akigawa zawadi yangu, hasira inanipanda. Ulipobaki mmoja, akakata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akakiweka mdomoni, akakitafuna taratibu sana.

"Mama, hupendi?" nikamuuliza.

"Napenda," akasema. "Lakini nilikatazwa."

Yule mama wa Kisomali alikuwa amekuja kushukuru, akiwa na kipande mkononi. Ni yeye aliyesema. Mama ana ugonjwa wa sukari. Alianza kukonda, akawa na kiu usiku, anaamka kukojoa mara nne, mara tano. Siku moja akaanguka karibu na bomba la maji. Yeye ndiye aliyempeleka kituo cha afya kwa bodaboda, na ndiye anayemkumbusha vidonge. Ilikuwa imepita miezi minne. Karai lilikuwa limegeuzwa chini-juu nyuma ya nyumba, na kuku walikuwa wanalala juu yake. Mama hakuacha kukaanga kwa sababu ya mafuta. Aliacha kwa sababu miguu haikumbeba tena kwenye foleni.

Jioni, tulipobaki wawili, nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nitaandika jibu lake kama alivyolisema, maana nikilisanifisha litakufa.

"Ningekuambia namna gani? Nikikupigia, unanijibu sawa mutu wa biro. Mutu wa biro, ukimuambia shida yako, anaandika tu."

Msomaji, kama hujaishi kambini pengine hutajua uzito wa neno lile. Mtu wa ofisi ni yule ambaye huketi upande wa pili wa meza. Unamwambia namba yako, idadi ya watoto, uliyekufiwa naye na tarehe. Anaweza kuwa mwema kabisa. Lakini mbele yake unapanga maneno, unachagua la kusema na la kuficha, kwa sababu hujui litaandikwa vipi. Mama yangu alikuwa amenipigia simu kila wiki kwa miezi minne, na kila wiki alinikuta nimeketi upande wa pili wa meza.

Sikumjibu. Nilichukua lile karai nikalisugua kwa mchanga mpaka usiku.

Siku iliyofuata dada yangu alipiga simu ya video kutoka Houston, Marekani. Aliondoka 2019 na mumewe na mtoto wao. Mimi na mama jalada letu ni tofauti, bado tunasubiri. Naye hakuwa anajua. Tulilia wote watatu, kila mmoja akijifanya mtandao ndio mbovu. Baada ya hapo, labda ili kubadilisha hewa, dada akatuonyesha picha. Karibu na anapokaa kuna duka la Wameksiko, nusu soko, nusu tanuri la mikate. Unaingia, unachukua sinia na koleo, unapita kwenye makabati ya kioo na kujichagulia mwenyewe, kisha unakwenda kuhesabiwa. Mikate mitamu huitwa pan dulce. Anaoupenda yeye ni wa mviringo, umefunikwa kwa sukari iliyochorwa mistari kama kome wa baharini, na jina lake ni concha, maana yake huyohuyo kome. Alisema mwaka wake wa kwanza, kabla hajajua Kiingereza cha kutosha, alikuwa akienda pale kila Jumapili. Hakuna aliyemsemesha sana, na yeye hakusemesha mtu. Ilikuwa harufu tu. "Siku moja," akasema, "mama muuzaji akaniuliza kwa vidole: mbili ama tatu? Nikamujibu kwa Kiswahili, tatu. Akanipa tatu."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu. Nami nikajikuta nasema, bila kupanga, "Na weye unakulaka zote peke yako?" Dada akanyamaza, kisha akasema, "Eh! Umerudi."

Nilirudi Ruti Jumapili jioni. Alfajiri ya Jumanne nilikwenda kwenye kibanda. Mama wa mikate alikuwa anaondoa makaa. Nilisimama nikisubiri amalize, kisha nikamwambia: "Mama, nilikudanganya. Miye ni mutoto ya Rutshuru. Nilikomalia Nakivale."

Hakugeuka. Alitupa unga kidogo ndani ya tanuri, akautazama. "Najua," akasema. "Siku ya kwanza ulikula mukate mbele yangu. Uliuvunja kwa mikono miwili, ukatia mu chai. Batu ba hapa wanaukataka na kisu."

Nilimweleza habari za mama. Alisikiliza huku akiingiza mikate mmoja mmoja. Nikamuuliza kama anaweza kunitengenezea wa kwake peke yake, usio na sukari. Alisema inawezekana, hamira haihitaji sukari ili ifanye kazi, ila utaumuka polepole, kwa hiyo nimwambie siku moja kabla. Akaongeza kuwa hata huo mama asile mwingi, kwani ngano yenyewe mwilini hugeuka sukari. Mumewe naye aliumwa ugonjwa huo. Hakusema aliponea au la, na sikuuliza.

Nimeandika insha hii kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu ndicho ninachosomea na ninakipenda. Nataka kukifundisha. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na walimu watahitajika. Siku moja mtoto atasimama mbele ya darasa langu na kusema "mukate ya sukari". Nitamwandikia ubaoni namna ya mtihani, kama nilivyoandikiwa. Kabla ya hapo nitamwomba amalize kutueleza unavyookwa.

Kila Ijumaa jioni sasa napita kwenye kibanda kutoa oda. Mama wa mikate haandiki popote, anakumbuka. Minne ya kusukwa, kwa watoto wa jirani na kwa yule mama wa Kisomali. Mmoja mdogo, wa mviringo, usiong'aa. Huo humpaka maziwa tu juu, na kwa kidole huuchora mstari katikati ili nisije nikauchanganya na mingine gizani.